Nimetoka kwenye mafunzo ya ufundishaji, mbona kujiamini kumeshuka?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Dodoma. Nafundisha mbinu za utafiti na takwimu mwaka wa pili, darasa la wanafunzi kama 280. Kabla muhula haujaanza chuo kilitupeleka mafunzo ya ufundishaji ya siku tano. Nilikwenda nikijiona niko vizuri, nimerudi naogopa hata kuuliza swali darasani. Sasa ni wiki ya tatu. Mkuu wa idara anataka nimwandikie kama mafunzo yale yanasaidia, ili ajue kama apeleke wengine. Nimwambie nini, na mimi mwenyewe nifanyeje?

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Kwanza usimwandikie bado. Wiki ya tatu ni wakati mbaya kabisa wa kuyapima mafunzo ya ufundishaji, na ukiandika leo utamwambia hayafai wakati huenda yamefanya kazi yake ya kwanza vizuri tu.

Hali uliyonayo inajulikana na imeshapimwa. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Liisa Postareff, Sari Lindblom-Ylänne na Anne Nevgi, walichapisha matokeo ya walimu 200, wakiwalinganisha kwa kiasi cha mafunzo ya ufundishaji waliyopata. Waliopata mafunzo marefu, ya mwaka mzima na kuendelea, ndio waliojiamini zaidi. Waliopata mafunzo mafupi walikuwa na mashaka juu ya ualimu wao kuliko hata wale ambao hawakuwa wamepata mafunzo yoyote. Yaani kujiamini hakupandi moja kwa moja kadiri mtu anavyofundishwa. Kunashuka kwanza, ndipo kunapanda, na siku tano zinakuacha bondeni.

Sababu kubwa ni kwamba kipimo chako kimebadilika. Zamani kipindi kizuri kwako kilikuwa kile ulichomaliza slaidi zote, hukukosea hesabu ubaoni, na hakuna aliyekuuliza jambo usilolijua. Kwa kipimo hicho ulikuwa unajipa alama 80 na ulistahili. Mafunzo yamekupa kipimo kingine: wanafunzi wangapi wametoka wakiweza kufanya kitu ambacho asubuhi hawakukiweza? Ukijipima hivyo unagundua kwamba jibu hulijui, na asiyejua hali ya darasa lake hawezi kujiamini nalo. Hujawa mwalimu mbaya ndani ya siku tano. Umeanza tu kuona kitu kilichokuwepo muda wote.

Sababu ya pili ni ya kawaida zaidi. Ulifundishwa mambo mengi, pengine kumi na zaidi, na hakuna hata moja ulilolifanya mpaka likakukaa. Mbinu mpya ikijaribiwa mara ya kwanza hutoka vibaya kuliko mbinu ya zamani uliyoizoea. Mwezeshaji wenu alionyesha kazi za vikundi kwa watu 25 waliokaa kwenye meza za duara. Wewe una watu 280 kwenye ukumbi wa ngazi, viti vimefungwa sakafuni, maiki inakatakata. Ukilinganisha la kwake na la kwako utaona umeshindwa, wakati ulinganifu wenyewe haukuwa wa haki.

Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba analiweza jambo fulani. Kuna kulifanya mwenyewe ukafanikiwa, kumwona mtu wa aina yako akilifanya, kutiwa moyo na mtu unayemheshimu, na namna unavyousoma mwili wako, kama vile moyo kwenda mbio au jasho la viganja. Cha kwanza kina nguvu kuliko vingine vyote. Sasa pima mafunzo ya siku tano kwa vyanzo hivyo: maneno ya kutia moyo yalikuwa mengi, mifano ya kutazama michache tena ya watu wasio wa hali yako, na kufanya mwenyewe pengine dakika kumi mbele ya wenzako. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ndicho kilichopewa muda mdogo kuliko vyote.

Zingatia pia kwamba Bandura hazungumzii ujasiri wa jumla. Mtu anaweza kuwa msemaji hodari msibani na kanisani, akashindwa kutunga swali moja linalopima uelewa wa sampuli. Kwa hiyo acha kujiuliza "je, najiamini?" Jiuliza kuhusu kazi mojamoja.

Sasa nini cha kufanya muhula huu. Chagua mbinu moja tu, uitumie kila kipindi kwa wiki tano, nyingine zote uziweke kando. Kwa darasa la ukubwa wako, lenye viti visivyosogea, ningechagua swali la dhana lenye kura mbili, mbinu aliyoianzisha Eric Mazur kwenye madarasa ya fizikia ya Harvard mwaka 1991. Haihitaji vifaa, na inakula dakika kumi tu za kipindi.

Mfano kutoka somo lako mwenyewe. Weka swali hili kwenye slaidi: kijiji kimoja cha Bahi kina kaya 2,000, na kata moja ya mjini Dodoma ina kaya 20,000. Kila mahali tumechukua sampuli nasibu ya kaya 200 kuuliza kama wana choo bora. Makadirio ya wapi yatakuwa sahihi zaidi? Jibu la 1, kijijini, tena kwa mbali sana; la 2, kwenye kata, tena kwa mbali sana; la 3, karibu sawa.

Wengi watachagua la 1, kwa sababu vichwani mwao kuna kanuni ya asilimia kumi: 200 ni asilimia 10 ya 2,000 lakini ni asilimia 1 tu ya 20,000. Jibu ni la 3. Ukichukua uwiano wa nusu kwa nusu na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, makadirio ya kijijini yanaweza kupotoka kwa asilimia 6.6 juu au chini, na ya kwenye kata asilimia 6.9. Tofauti ni asilimia 0.3. Kinachoamua usahihi ni ukubwa wa sampuli, si asilimia ya jumla ya kaya iliyochukuliwa, isipokuwa sampuli inapokuwa kubwa sana ukiilinganisha na jumla hiyo. Ukiwa umefundisha hesabu hii kwa slaidi ishirini bila kuuliza swali hili, kanuni ya asilimia kumi itabaki pale pale, utaikuta mwaka wa tatu kwenye mapendekezo yao ya utafiti. Swali zuri la dhana linalenga kosa mahususi ambalo wanafunzi wanalo kweli. Ukitaka kuyapata makosa hayo, pitia karatasi za mtihani za mwaka jana, hasa za waliosapu, yaani waliofeli wakarudia mtihani.

Utaratibu ni huu. Soma swali kwa sauti mara moja, kisha nyamaza kwa sekunde 90. Hapo ndipo wahadhiri wengi hushindwa, wanaanza kulifafanua swali na kulimaliza. Kisha kila mwanafunzi aonyeshe jibu kwa vidole mbele ya kifua, kidole kimoja, viwili au vitatu, wote kwa pamoja ukihesabu hadi tatu. Kifuani, si juu ya kichwa. Mkono ukinyanyuliwa juu, wa nyuma wanaiga wa mbele. Huwezi kuhesabu 280, kwa hiyo hesabu safu nne ulizozipanga tangu mwanzo, zilizotawanyika, usichukue mbili za mbele ambako hukaa wanaojiweza. (Ndiyo, hiyo nayo ni sampuli, na wiki moja unaweza kuigeuza somo.)

Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, mjadala hautasaidia, rudi ukaeleze upya. Wakiwa kati ya 30 na 70, waambie wamgeukie jirani aliyechagua tofauti, wabishane kwa dakika tatu, kisha wapige kura tena. Wakizidi 70, eleza kwa dakika moja uendelee. Usitangaze matokeo ya kura ya kwanza, maana kura ya pili itafuata kundi. Na uso wako usiseme: wanafunzi wetu wamesomeshwa miaka mingi kusoma uso wa mwalimu kuliko ubao.

Hapa Tanzania kuna jambo la lugha ambalo mafunzo mengi hayaligusi. Swali liko kwa Kiingereza, mtihani utakuwa kwa Kiingereza, lakini fikra za wengi darasani zinakwenda kwa Kiswahili. Waruhusu wazi, kwa maneno, kwamba dakika tatu za mjadala ni za Kiswahili, na anayesimama kujibu atajibu kwa Kiingereza baada ya kuwa ameshaisema hoja yake kwa jirani. Kimya unachokiogopa ukiuliza swali mara nyingi hakitokani na kutojua, mtu anatafuta namna ya kusema. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, aliona walimu wakingoja sekunde moja hivi tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifika tatu majibu yanakuwa marefu na watu wengi zaidi wanajaribu. Kwa darasa linalofikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine, hesabu tano kimoyomoyo.

Yatakayoharibika, ujiandae. Mjadala wa dakika tatu utakuwa wa dakika nane kama hujaweka saa ya simu mezani. Kuwanyamazisha watu 280 kwa kupiga kelele kutakumaliza sauti kabla ya saa sita mchana. Kubaliana mapema na CR, kiongozi wa darasa, juu ya ishara, mkono juu na kila anayeuona anyanyue wake na kunyamaza, inafika nyuma ndani ya sekunde kumi na tano hivi. Na silabasi haitaisha kama unabaki na slaidi 60 zile zile. Punguza. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kozi ya krediti 10 ni saa 100, na saa hizo zote si za wewe kuongea. Kukokotoa fomula kunaweza kwenda kwenye semina au kuwa kazi ya nyumbani. Kipindi cha ukumbini kibaki na yale wanayoyakosea.

Kuna pigo moja litakuja mwisho wa muhula kupitia fomu za tathmini, na ni afadhali ulijue mapema. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na uchovu huo wanautafsiri kuwa mwalimu hafundishi. Hapo mwalimu mwenye kujiamini kuchanga huvunjika moyo na kurudi kwenye slaidi. Dawa yake si ngumu: wiki ya kwanza ya kutumia mbinu hii, tumia dakika tano kuwaambia kwa nini unawasumbua, na baada ya jaribio la kwanza la course work waonyeshe maswali waliyoyajadili wameyapata kwa kiwango gani ukilinganisha na yale ambayo hawakuyajadili.

Tafuta mwenzako mmoja akae nyuma ya ukumbi mara mbili ndani ya muhula, nawe ukamtazame mara mbili. Asiwe mkuu wa idara, huo utakuwa ukaguzi. Asiandike maoni, aandike vitu vya kuhesabika: umeuliza maswali mangapi, kila moja ulilisubiri sekunde ngapi, waliojibu wamekaa wapi, dakika ngapi ulikuwa unaongea peke yako. Mkikutana baada ya kipindi uanze wewe kusema, kisha yeye asome namba zake, halafu mchague jambo moja la kubadilisha. "Ulikuwa vizuri sana" haikusaidii kitu. "Maswali tisa, saba kati ya hayo umeyajibu mwenyewe" inakusaidia. Ukimwona mhadhiri msaidizi mwenzako akiliweza hilo kwenye ukumbi huohuo, umepata kile chanzo cha pili cha Bandura ambacho mwezeshaji hakuweza kukupa. Kama chuo chenu kina kitivo cha elimu, kuna watu wa mitaala hapo hapo ambao idara za takwimu na uhandisi huwa hazifikirii kuwaita.

Sasa kuhusu mkuu wa idara. Anauliza swali la fedha, na analiuliza kwa wakati wake: mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu nchini, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, uliweka uhuishaji wa mitaala na mafunzo ya wahadhiri katika vyuo vya umma miongoni mwa kazi zake, kwa hiyo nafasi za mafunzo zimekuwepo. Mwombe akusubiri hadi mwisho wa muhula, halafu umpe vipimo badala ya hisia.

Andaa orodha ya kazi nane, kila moja ianze na "naweza": naweza kutunga swali linalofichua kosa la wanafunzi kuhusu sampuli, naweza kulirudisha darasa la 280 kwenye utulivu baada ya mjadala, naweza kusema "sijui, nitalileta wiki ijayo" bila kupoteza darasa, na kadhalika. Jipe alama 0 hadi 100, kwa hatua za kumi. Fanya hivyo leo, katikati ya muhula na mwishoni.

Lakini usilinganishe tu kabla na baada, utadanganyika. Tuseme siku ya kwanza ya mafunzo ulijipa 80 kwenye kutunga maswali, na siku ya tano ukajipa 60. Karatasi inasema umeshuka kwa 20. Ukiulizwa siku hiyo ya tano, "ukitazama nyuma, siku ya kwanza ulikuwa wapi kweli?" ukajibu 40, basi umepanda kwa 20, ila ile 80 ilitolewa na mtu ambaye hakujua kazi yenyewe ikoje. Kwa hiyo kila kipimo kiwe na safu mbili, sasa na wakati ule kwa macho ya sasa. Safu hiyo ya pili nayo ina ubovu wake, watu hupenda kuona wamepiga hatua na huzishusha alama zao za zamani, pengine bila kujua. Ndiyo maana uweke pembeni yake namba za mwenzako aliyekaa nyuma. Alama zikipanda na maswali yako bado unayajibu mwenyewe, kilichopanda ni ujasiri tu.

Kama apeleke wengine? Mwambie ndiyo, lakini si kwa mtindo ule. Graham Gibbs na Martin Coffey walipofuatilia mafunzo ya wahadhiri katika vyuo vikuu 22 vya nchi 8, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, waliopata mafunzo walisogea kuelekea ufundishaji unaomjali mwanafunzi, na wasiopata walibaki pale pale au walirudi nyuma. Kutompeleka mtu nako kuna gharama, kwa sababu idara yenyewe inamfundisha, na mara nyingi inamfundisha kusoma slaidi. Ila mafunzo waliyoyachunguza yalikuwa ya miezi.

Pendekeza saa zile zile, zipangwe upya. Siku tano za saa sita ni saa 30. Siku mbili kabla ya muhula zinakula 12. Mikutano mitano ya saa mbili ndani ya muhula, kila mmoja akija na swali alilolitumia na kura zake, inakula 10. Kutazamana madarasani mara nne, mara mbili unatazamwa na mara mbili unatazama, saa mbili kila mara pamoja na mazungumzo, ni 8. Jumla 30. Waende wawili wawili kutoka idara moja, maana anayerudi peke yake na mbinu mpya huchekwa kidogo kwenye chumba cha chai na kuiacha. Zitalalamikiwa posho za zile siku tatu zilizokuwa za hoteli ya Morogoro, hilo ulijue. Fedha yake inatosha maiki nzuri za ukumbi, na maiki inainua kujiamini kwa mhadhiri kuliko cheti.

Jambo moja mwandikie wazi, hasa kama chuo chenu ni cha umma: hizo alama za 0 hadi 100 zibaki kwa mhadhiri na mwenzake, zisiingizwe PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, wala kwenye faili la kupandishwa daraja. Kinachoweza kwenda kwa mkuu wa idara ni wastani wa kundi bila majina. Siku alama hizo zikianza kuhesabika kwenye tathmini ya utendaji, kila mtu ataandika 90, kuanzia wiki ya kwanza.